Plagi Nyekundu za Mwanangu

Jumapili, 2 Machi

Mwanangu amefungua duka. Lake mwenyewe, si la kuajiriwa, duka la vifaa vya ujenzi pale kwenye kona barabara ya lami inapoingia mtaani kwetu, na jina limeandikwa kwa buluu kubwa hata mwenye mtoto wa jicho atalisoma. Haya, hujambo kitabu changu. Najua salamu hutangulia, lakini habari kama hii haina subira ya kupiga hodi.

Nilivaa gauni nililoshona wiki nzima. Watu wakauliza, huyu mama ni nani, mbona amekaa mbele kama mgeni rasmi? Nikawajibu, mimi ndiye kiwanda kilichomtoa mwenye duka. Wakacheka, nami nikacheka, halafu nikalia kidogo, kwa sababu kijana huyu nimemsomesha kwa cherehani hii hii ninayoegemezea kitabu sasa hivi, shati kwa shati, pindo kwa pindo, baba yake akiwa kaburini. Mimi niliishia shule ya msingi. Yeye amefika mpaka amerudi na vyeti.

Mkamwana wangu alisimama nyuma ya kaunta kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hakutabasamu hata mara moja. Yule binti ana mdomo mzito kama kufuli la ghala. Nilimwambia, mwanangu cheka, leo ni sikukuu yenu. Akasema, "Ndiyo mama," akaendelea kupanga misumari.

Jumatano, 5 Machi

Mteja alikuja kupimwa sketi, akaondoka bila sketi ila ameelekezwa duka. Kazi yangu siku hizi ni mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ndiyo siku ya kuandika.

Mtaa wetu wote umejengwa kwa tofali mkate. Ndivyo tunavyoyaita, yale matofali mepesi ya kijivu yenye vitundu vidogo ndani kama mkate uliochachuka. Mtu mmoja anabeba mawili huku anapiga soga, na msumeno wa mbao unayakata. Ila yana kasoro yake. Mvua ikishika, yanafyonza unyevu, ukuta unatoa jasho, ukisogeza kitanda godoro linaota ukungu. Ndiyo maana watu wanafunika kuta kwa mbao. Kwanza zinafungwa papi, zile mbao nyembamba za kushikilia, halafu juu yake ndiyo zinakuja mbao pana za kupendeza macho. Na papi haishiki tofali mkate kwa msumari, msumari unachomoka kama sindano kwenye sponji. Inataka skrubu, na skrubu inataka plagi, kile kijiti cha plastiki kinachotangulia tunduni. Kwa hiyo mtaa mzima unataka plagi, na mwenye plagi nimemzaa mimi.

Asubuhi mwanangu kaja mwenyewe na Fundi Mluzi kunifunikia ukuta wa sebule, pale ninaposhonea. Fundi Mluzi ndiye seremala wa mtaa, anapiga mluzi tangu anafungua boksi la zana mpaka analifunga, na ukimsikia amenyamaza ujue amejigonga kidole. Mwanangu alileta plagi nyekundu, mpya, zinang'aa. Nikauliza nilipe nini. Akasema, "Mama hauziwi." Nimelirudia neno hilo kwa kila aliyepita mlangoni.

Mashine ya kutoboa ilipiga kelele mpaka meno yangu yakacheza, trrrr, inazunguka na inagonga kwa wakati mmoja kama nyundo. Vumbi jeupe likamwagika kama unga. Tundu likiisha, fundi anatia plagi kwa kidole gumba. Kidole tu, bila nyundo. Fundi aliacha mluzi akasema, "Bosi, mbona inaingia kama kijiko kwenye uji?" Mwanangu akamwambia ulaini ndiyo raha ya tofali hili, apige kazi. Akapiga kazi, na mluzi ukarudi.

Mpaka saa kumi ukuta umevaa. Mbao zimekaa kama suti ya bwana harusi. Mama Pacha wa nyumba ya mbele, rafiki yangu tangu wale mapacha wake wako mgongoni, alikuja akaugusa, akaunusa, akasema chumba cha mama mkwe wake kina ukungu mpaka bibi anakohoa, naye anataka ukuta kama huu na rafu ya kuwekea dawa na vyombo vya bibi. Sikumwacha amalize. Nikamshika mkono nikampeleka dukani nikiwa bado na uzi begani.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Nguo haikauki.

Ijumaa, 21 Machi

Mama Pacha kafunikiwa ukuta. Fundi Mluzi yule yule, plagi zile zile, na rafu ndefu juu ya kitanda cha bibi. Nilikwenda kuona. Nisiwe mnafiki, mbao zake zinang'aa kuliko zangu. Bibi alikuwa amelala anaziangalia, akaniambia, "Mwanao ataiona pepo." Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyevishwa kilemba.

Jumapili, 30 Machi

Mvua, mvua, mvua. Vitambaa vinanuka kama vimelala na mbuzi. Mwanangu hakuja, ana kazi nyingi.

Alhamisi, 3 Aprili

Kwa kinyozi papi imeng'oka na kioo chake. Hakuna aliyeumia ila mteja mmoja aliyekimbia na sabuni kidevuni, kanyolewa shavu moja. Mtaa mzima umecheka. Kinyozi alinisimamisha, akaniambia plagi za mwanao hizo. Nikamwambia kioo ulichotundika ni kikubwa kama mlango wa benki, hata Mungu angetumia nguzo. Watu wakacheka, wakawa upande wangu, naye akaingia ndani.

Nikiwa peke yangu nimeutazama ukuta wangu. Uko sawa.

Jumatano, 9 Aprili



Saa tano asubuhi nilikuwa napiga pindo. Mvua ilikuwa imekatika na watu wameanza kutoka. Nikasikia kishindo kwa Mama Pacha, cha kitu kizito na vyombo vingi, halafu sauti ya bibi. Hakupiga kelele. Alikuwa anaita tu, kwa sauti ndogo, kama anayemwita mtoto aje amfungulie mlango.

Niliingia bila viatu. Ukuta mzima wa mbao ulikuwa umelala kitandani. Papi, mbao, rafu, sufuria, chupa za dawa, vyote juu ya bibi. Tulizinyanyua mimi na Mama Pacha, yeye upande huu na mimi upande ule. Bibi alikuwa amejikinga uso kwa mkono, na mkono ndio uliopokea. Umevunjika juu ya kiwiko. Mtu asingehitaji kuwa daktari kulijua hilo.

Mwenye gari dogo la mizigo akampeleka hospitali. Walipokwisha kumpakia nilirudi chumbani kuchukua shuka lake, ndipo nikaziona. Papi zilikuwa zimegeuka chali, na kila skrubu bado imebeba plagi yake nyekundu, nzima, haikukatika wala kupinda, imechomoka na unga wa tofali kama jino lililong'oka lenyewe. Ukutani yamebaki matundu mapana. Niliingiza kidole, kikacheza.

Nikasema, na nilisema kwa sauti ili walio mlangoni wasikie, kwamba huyu Fundi Mluzi ametoboa matundu ya panya. Kwamba plagi hizi ni nzima, zitazameni, mwanangu kauza kitu kizima, kazi ndiyo mbovu. Nilikuwa nimeishika moja juu kama shahidi mahakamani.

Mama Pacha alikuwa ameshika mlango wa gari. Akageuka. Hakulia na hakupandisha sauti.

"Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka," akasema. "Na uzi begani." Kisha akapanda, na kabla mlango haujafungwa akaongeza, "Mgema, mama. Mgema akisifiwa." Hakumalizia. Hakuna mtu mtaani asiyejua linavyomalizika.

Plagi ilibaki mkononi mwangu. Iko hapa karibu na mkasi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kibandani kwa Fundi Mluzi nikamtukana mbele ya watu. Nilimwita mchimba mashimo, nikamwambia aende akachimbe viazi. Alikuwa anapiga randa, akaiweka chini taratibu.

"Mama, nilitoboa kwa kugonga," akasema. "Tofali lile halitaki kugongwa, linataka kuzungushiwa tu, nimejua baadaye. Kosa hilo ni langu na nitalibeba mpaka kwa bibi. Lakini plagi nilipewa, sikuchagua. Muulize aliyenipa kama hana nyingine."

Nikamwambia asitafute wa kumtwika. Nikaondoka nikiwa nimeshinda, na ushindi wenyewe haukunipa raha.

Jioni mwanangu alinipigia simu. Akasema nimefanya vizuri kumtetea, mafundi wa siku hizi hawasomi hata maandishi ya kwenye boksi. Nikamwuliza kama amekwenda kumwona bibi. Akasema atakwenda.

Jumatatu, 14 Aprili

Mluzi hausikiki tena mtaani. Sijui kwa nini ninausikiliza.

Jumatano, 16 Aprili

Sare za shule nilizokuwa nishone zimepelekwa kwa fundi wa mtaa wa pili. Aliyezichukua amesema anaharakisha. Juzi alikuwa hana haraka. Mama Pacha anapita kwangu akiangalia simu, na simu yenyewe najua imekufa tangu mwezi uliopita.

Jumamosi, 19 Aprili

Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nimelisikia tangu mdogo, nikadhani ni la wazazi wanaonyima fimbo.

Mjukuu wangu aliamka na homa, mkamwana akabaki naye nyumbani, mwanangu akaniomba nikamsaidie dukani. Nilikwenda nimevaa lile gauni la ufunguzi. Nikakaa nyuma ya kaunta kwenye kigoda, nikafagia, nikapanga makopo ya rangi, nikajisikia mwenye mali.

Asubuhi alikuja mzee mmoja, kofia mkononi, mstaarabu, kastaafu kazi ya reli alivyosema. Ana chumba cha tofali mkate, anataka kufunga papi atundike kabati la vitabu. Akauliza, "Mwanangu, plagi gani itashika?" Mwanangu akachota zile nyekundu kutoka boksi la wazi, akamfungia, akamwambia hizi ndizo wanazochukua wote. Mzee akashukuru, akanipa na mimi shikamoo ya utani, ati mama mwenye duka. Nikacheka.

Haukupita muda likaja gari la mkandarasi. Mtu mnene, kalamu nyuma ya sikio. Hakusalimia. Alisema tu, "Nipe za tofali jepesi. Na usinipe nyekundu, nyekundu ni za zege."

Mwanangu akainama chini ya kaunta. Pale pale karibu na miguu yangu, palipofunikwa gunia ambalo nilikuwa nimelikanyaga tangu asubuhi. Akatoa boksi. Plagi zilizotoka humo sijawahi kuziona, ndefu kama kidole cha kati, nene, zimejisokota mwili mzima kama pembe ya kondoo. Mkandarasi akaizungusha moja kwenye vidole, akaitikia kwa kichwa, akalipa, akaenda.

Nikangoja gari liondoke. Nikamwuliza zile ni nini. Alinieleza vizuri tu, kwa upole, kama alivyokuwa ananieleza masomo yake zamani. Nyekundu inajitanua ndani ya tundu na kusukuma kuta zake. Kwenye zege gumu inabana hutaitoa. Tofali mkate likisukumwa linasagika, linakuwa unga, na likilowa ndiyo basi. Ile iliyosokotwa haisukumi, inajikatia njia yake ndani ya tofali na kuling'ang'ania. Anajua. Kila kitu anakijua, kama anavyojua jina langu.

"Kwa nini hukumpa yule mzee?" nikamwuliza.

"Mama, biashara," akasema. "Anayejua namuuzia kinachofaa. Asiyejua namuuzia kilichopo. Nyekundu nilizipokea shehena nzima, lazima zitoke kwanza."

"Na bibi wa kwa Mama Pacha?"

"Fundi alitoboa vibaya. Si umesema mwenyewe mtaani?"

Alisema hivyo huku anaandika risiti, bila ubaya wowote usoni. Ni uso wa baba yake. Nikavaa viatu nikamwambia nimeacha maharage jikoni. Sikuwa na maharage.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wangu. Mchana kweupe, mlango wazi, watu wanapita. Nilishika ubao wa pembeni, ule ulio karibu na cherehani, nikavuta kwa vidole vinne, kama mtu anayevuta pazia. Ukaja. Papi ikaja nao, na kwenye kila skrubu plagi nyekundu, na unga ukamwagika kwenye gauni langu la ufunguzi.

Mama hauziwi. Kweli, hakuniuzia. Alinipa bure kilichopo.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwao kumwona mjukuu. Mwanangu alikuwa ametoka. Homa imeshuka, mtoto anakula, ashukuriwe Mungu.

Sebule yao nayo imefunikwa mbao, nimekaa humo mara ngapi sijawahi kuiangalia. Nikainuka na chai mkononi, nikashika ubao wa pembeni nikavuta. Nikaweka kikombe chini, nikavuta kwa mikono miwili. Nikaweka mguu ukutani. Mkamwana alinitazama kutoka mlango wa jikoni, mtoto kiunoni, hakuniuliza nimepatwa na nini.

"Huo hautoki, mama," akasema. "Nilizitia kikapuni mwenyewe zile ndefu, nikamwambia kwangu analala mtoto."

Ndipo kufuli la ghala lilipofunguka. Walianza kugombana kabla duka halijafunguliwa. Alimwambia nyekundu arudishe kwa aliyemletea au awauzie wanaojenga kwa zege, na mwenye tofali mkate apewe zilizosokotwa. Mwanangu akamwambia asimfundishe biashara. Siku ile ya ufunguzi nilipomwambia acheke, walikuwa wametoka kurushiana maneno. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi, mimi si mama yake pia?

"Ulikuwa unamsifu sana, mama. Nikaona nikisema nitaonekana namwonea wivu mume wangu."

Nilimwita mdomo mzito. Nimeandika humu humu, na sifuti. Nilimsaidia kuosha vyombo, tukaviosha bila maneno, na ulikuwa ukimya mzuri.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Nimeiacha papi ining'inie. Wateja wakiniuliza nawaambia waitazame.

Jumanne, 22 Aprili

Mzee wa reli nimemtafuta mpaka nimempata. Kabati lilikuwa tayari limejaa vitabu, na chini yake kiti chake cha kusomea. Nikamwomba avishushe. Akauliza kwa nini, nikamwambia mama mwenye duka ndiye anayemwomba. Alivishusha kimoja kimoja, anavipangusa, ananisimulia kila kimoja alikipata wapi, nami nikavipokea. Sikumwambia zaidi. Aibu nayo inataka kupimwa kwanza, kama kitambaa, kabla hujatia mkasi.

Jumatano, 23 Aprili

Nilipita kibandani kwa Fundi Mluzi, nikahakikisha watu wale wale wapo. Nikasema kwa sauti ile ile kwamba nilimtukana kwa jambo ambalo nusu yake si lake. Akasema, "Nusu nyingine bado ni yangu, mama." Amekwenda kumwona bibi mara mbili, amembebea mzigo wa kuni kavu msimu huu wa mvua. Mwanangu hajakwenda hata mara moja. Tukazungumza kazi. Nikamwuliza, mashine ikizungushwa tu bila kugonga, na plagi iwe ile iliyosokotwa, itashika? Akasema tundu liwe jembamba na refu, unga upulizwe utoke, na pale palipokwisha kusagika asirudie tundu lile lile, asogee kando kwenye tofali zima. Itashika kushinda nyumba yenyewe.

Nikamwambia ajiandae kwa Jumamosi, na mluzi wake.

Halafu nikaanza kuzunguka. Nimekwenda kwa kinyozi, kwa mzee wa reli, kwa mama wa genge, kwa yule mwalimu wa chekechea, kila niliyempeleka dukani kwa mdomo wangu huu. Na niliwaambia nini? Nilimsifu mwanangu. Sijawahi kumsifu namna ile. Nikasema mwanangu ni mtu wa haki, amegundua plagi nyekundu hazifai kwa nyumba zetu, hajalala usingizi kwa ajili yenu, na ameamua mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwamba kila aliyezinunua alete hizo mbovu apewe zinazofaa bila kuongeza kitu, na Fundi Mluzi atapita nyumba hadi nyumba kwa gharama ya duka. Na chumba cha bibi kitakuwa cha kwanza. Walifurahi. Kinyozi alinipa kiti. Mama wa genge akasema ndiyo faida ya kulea vizuri.

Niliacha mlango wa Mama Pacha uwe wa mwisho. Alifungua nusu. Ndani nilimwona bibi amekaa, mkono umefungwa shingoni kwa kitenge. Nilianza maneno yale yale ya sifa, mwanangu ni mtu wa haki, yakanikatikia katikati. Mama Pacha akaningoja nimalize, sikumaliza. Mvua ilikuwa inanilowesha, naye hakusema ingia wala ondoka.

"Anajua kwamba ameamua hayo?" akaniuliza.

"Atajua kesho," nikasema.

Mlango haukufunguka zaidi, lakini haukufungwa pia mpaka nilipogeuka mwenyewe.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimfuata dukani alipokuwa anafunga hesabu za mchana, mkamwana yuko kwenye rafu za juu. Nikamweleza alichoamua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso ukamtoka rangi, ukarudi, ukatoka tena.

"Mama, umenimaliza mbele za watu."

"Mbele za watu ndipo nilipokusifu."

Akasema boksi lililobaki halitoshi mtaa mzima. Mkamwana, akiwa bado ameipa mgongo kaunta, akasema ameagiza mengine, yanafika kesho. Mwanangu akamgeukia, akanigeukia mimi, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akaniuliza kama kweli nimeamua kumfilisi mtoto wangu mwenyewe kwa ajili ya majirani.

Nilitoa mfukoni ile plagi ya ukutani kwangu, ile ya bure, nikaiweka juu ya kaunta kati yetu. Alijua imetoka wapi, maana ilikuwa imenasa nyuzi za cherehani yangu. Akaiangalia tu. Nilingoja aseme neno, lolote lile, hata uongo ningeupokea. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta, akaizunguka plagi, hakuigusa.

Nimerudi nyumbani. Sijui kama atafungua mlango Jumamosi. Huyo ndiye niliyemshonea njia, pindo kwa pindo, na leo siwezi kusema atafanya nini na kufuli la duka lake. Mkamwana ana ufunguo wa pili. Ameniambia kwa macho.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imepumzika. Gauni la ufunguzi nimelifua, unga wa tofali umetoka wote ila kidogo kwenye pindo. Papi yangu nimeichomoa yote, na skrubu zake, na plagi zake, nimeiegemeza mlangoni. Nitaibeba begani mimi mwenyewe na nitatangulia kwenda dukani, ili mtu yeyote asione haya kubeba yake. Kinyozi anakuja, mzee wa reli anakuja, mama wa genge, mwalimu wa chekechea, Fundi Mluzi na boksi lake. Jioni hii mmoja wa mapacha amevuka barabara akaniletea ujumbe wa maneno machache: bibi amesema apelekwe na yeye, kwa kiti, akamwone yule kijana atakayeiona pepo.

Kesho, Jumamosi, saa tatu asubuhi, wote.